Pompi, komprime, sindano au pomadi? Kuchagua mlango wa kotikosteroidi

Jana jioni mama mmoja aliingia farmasini na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kikwembe. Kabla sijamsalimia vizuri akasema: "Muganga, leo usinipe komprime. Umdunge tu." Mtoto alikuwa anapumua kwa ule mluzi tunaoujua hapa Goma, hasa miezi ya kiangazi, vumbi la makoro, yaani mawe ya volkano, linapopanda nyuma ya kila motari na jioni moshi wa makala unajaa nyumba kutoka kwenye mbabula. (Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asishtuke: kwetu muganga ni daktari au muuguzi, na komprime ni kidonge.) Karatasi ya daktari aliyokuja nayo iliandika prednisoloni 15 mg kwa siku, siku 3. Mama aliona amedhulumiwa.

Kwa desturi za mtaa, ana haki. Huku dawa zimepangwa kwa ngazi: komprime chini, sindano katikati, serumu, yaani dripu, juu kabisa. Mgonjwa akirudi nyumbani bila alama ya sindano, majirani watauliza kama kweli alitibiwa. Kwa kotikosteroidi, kama hiyo prednisoloni, ngazi hiyo inaumiza watu, maana dawa hizi zinaingia mwilini kwa milango mingi kuliko karibu dawa nyingine yoyote ninayouza, na mlango ndio unaoamua kipimo, muda na madhara. Wateja huuliza "ipi ni kali?" Mimi huwauliza ugonjwa uko wapi.

Kwanza, ukali wenyewe

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo inayotoa homoni ya kotisoli. Alfajiri na asubuhi inapanda, usiku inashuka. Kotikosteroidi ni homoni hiyo au nakala zake za kiwandani. Mwaka wa 1948, Mayo Clinic kule Marekani, daktari Philip Hench alimdunga kotisoni mwanamke aliyelemazwa na ugonjwa wa viungo, na baada ya siku chache akawa anatembea. Mwaka wa 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Madhara yalianza kuonekana mapema vilevile: nyuso za mviringo, mifupa laini, vidonda vya tumbo.

Weka mezani komprime moja ya prednisoloni ya 5 mg. Nguvu yake ni sawa na haidrokotisoni 20 mg, methiliprednisoloni 4 mg au deksamethasoni 0.75 mg. Hapo ndipo wengi wanapotelea. Deksa ya 0.5 mg inaonekana kama dawa ya mtoto kwa sababu ya ile sifuri ya mbele, kumbe ni theluthi mbili za komprime ile ya prednisoloni. Na ampuli ya deksa ya 4 mg, inayoheshimiwa mtaani kuliko zote, ni komprime 5 na ushee. Tofauti nyingine ni muda: haidrokotisoni inafanya kazi saa 8 hadi 12, prednisoloni saa 12 hadi 36, deksa saa 36 hadi 72. Kwa hiyo anayedungwa deksa kila siku anaongeza dawa juu ya dawa ambayo bado haijatoka.

Kifua: pompi, komprime au sindano?

Kwa mwenye pumu, mirija ya hewa imevimba kwa ndani. Pompi ya kotikosteroidi, yaani beklometasoni au budesonidi, inaiweka dawa palepale, kwa kipimo kinachohesabiwa kwa mikrogramu. Mtoto anayevuta mikrogramu 100 asubuhi na 100 jioni atahitaji siku 25 kufikisha uzito wa komprime moja ya 5 mg. Niseme kwa haki: mikrogramu kwa mikrogramu beklometasoni ni kali zaidi, kwa hiyo uzito haulingani na nguvu. Hata hivyo, inayozunguka mwili mzima inabaki kidogo sana. Madhara yake makubwa yako mdomoni: utando mweupe wa fangasi na sauti ya kukwaruza. Kusukutua kwa maji na kutema kila baada ya kuvuta kunapunguza hayo. Kwa mtoto anayeitumia miaka mingi kimo kinaweza kupungua kama sentimita 1. Ukiweka hilo kando ya usiku wa kukesha na pumu isiyotibiwa, mimi sioni mashindano.

Kasoro ya pompi hii ni kwamba haikusaidii usiku uleule. Inahitaji siku, mara nyingi wiki, na hapo ndipo watu wanaiacha. "Ile ya kahawia haifanyi kitu," wananiambia, wanabaki na ya bluu. Ya bluu ni salbutamoli, nayo si kotikosteroidi kabisa: inafungua mirija kwa saa 4 hadi 6 na kuuacha uvimbe ulivyo. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, haupendekezi tena vijana na watu wazima watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Ukiitumia ya bluu karibu kila siku, unahitaji nyingine ya kutibu uvimbe.

Halafu kuna ufundi wa kuvuta. Mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, dawa inaishia kwenye ulimi. Kifaa cha kusaidia kipo madukani, ila bei yake si ya kila mfuko. Watafiti wa Afrika Kusini walichapisha mwaka wa 1999 kwamba chupa ya plastiki ya 500 ml inafanya kazi hiyo vizuri kama kifaa cha kununua. Pasha waya moto, toboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa pompi ili iingie kwa kubana. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa. Mtoto anashika shingo ya chupa kwa midomo, unabonyeza mara 1, anavuta pumzi 5 au 6 polepole, ndipo unabonyeza tena. Hakuna kitu ninachowaonyesha watu bure chenye thamani kuliko chupa hiyo.

Shambulio likishafika, pompi ya kahawia haitoshi. Hapo ni komprime: kwa mtoto prednisoloni 1 hadi 2 mg kwa kila kilo, isizidi 40 mg kwa siku, siku 3 hadi 5; kwa mtu mzima 40 hadi 50 mg, siku 5 hadi 7. Inachukua kama saa 4 kuonyesha matokeo. Na hili ndilo nililomwambia yule mama:

"Mama, hata nikimdunga, sindano nayo itasubiri saa hizo hizo."

"Kweli, muganga?"

"Kweli. Kinachomfungua kifua sasa hivi ni hii ya bluu."

Komprime iliyomezwa vizuri haizidiwi na ya mshipani. Sindano ina nafasi yake pale mtoto anapotapika kila kitu, amelegea, au anahema kiasi cha kutoweza kumeza wala kumaliza sentensi. Mtoto wa namna hiyo, au mwenye midomo iliyobadilika rangi, hana cha kufanya farmasini. Anahitaji oksijeni, mpeleke hospitali usiku huohuo. Wa jana alikuwa bado anaomba biskuti. Tulisaga komprime 3 tukazichanganya na chai ya sukari, kwa sababu ni chungu ajabu.

Mgongo na goti

Msukuma chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili, anashuka na viazi kutoka Kibumba, mgongo umekataa. Anataka "ile ya kuchanganya": diklofenaki na deksa kwenye bomba moja. Anadungwa, anatembea siku 2 au 3 akisifu, anarudi wiki ijayo. Miongozo ya maumivu ya kawaida ya mgongo haipendekezi kotikosteroidi za kuzunguka mwili mzima, za kumeza wala za kudunga. Na kuichanganya na diklofenaki, au na ibuprofeni, kunaongeza hatari ya vidonda na kutoka damu tumboni. Kati ya michanganyiko yote ya mtaani huu ndio unaonikera zaidi, kwa sababu mteja anauona kama zawadi.

Goti ni habari nyingine, kwa kuwa pale mlango ulio karibu na ugonjwa upo. Triamsinoloni 40 mg ikiingizwa ndani ya kiungo chenyewe inaweza kumpa mtu nafuu ya wiki kadhaa. Shangazi yangu wa Bukavu, anayepanda na kushuka milima ya mji ule kila siku na kapu, aliipata mara 1 akatembea miezi 2 kama msichana. Aliporudi na kuomba awekewe "kila mwezi, kama mshahara", nilimkatalia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 uliwadunga wagonjwa goti kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2: maumivu hayakuwa tofauti na ya waliodungwa maji ya chumvi, na gegedu la waliopata dawa lilikuwa limepungua zaidi. Kwa hiyo ni dawa ya kukutoa kwenye shimo, upate nafasi ya kuimarisha mapaja kwa mazoezi. Isifanywe na mtu asiye na chumba safi, wala kwenye goti lililovimba likiwa la moto na homa, kwani linaweza kuwa na usaha. Mwenye kisukari ajue sukari yake itapanda siku chache.

Kuna pia sindano ya takoni ya kukaa muda mrefu, triamsinoloni ileile. Inavutia kwa sababu unadungwa mara 1 na kusahau wiki 3 au 4. Ila sukari ikipanda au usingizi ukikimbia, komprime unaipunguza kesho. Hii hakuna wa kuitoa. Mahali pa sindano panaweza kubonyea na kuwa na doa jeupe. Penye nafasi ya kumeza, mimi nachagua kumeza.

Ngozi: pomadi ipi, wapi, siku ngapi

Hapa mlango wa karibu uko wazi, na watu ndipo wanapoumia zaidi. Pomadi za kotikosteroidi zina madaraja. Haidrokotisoni ya 1% ni laini. Betamethasoni valerati ya 0.1% ni kali. Klobetasoli ya 0.05% ni kali kupita zote. Angalia asilimia zinavyodanganya: klobetasoli ina namba ndogo kabisa na ndiyo ya kuogopwa. Usisome namba, soma jina.

Mahali pa kupaka nako ni mlango ndani ya mlango. Vipimo vya haidrokotisoni vilivyochapishwa 1967 vilionyesha kwamba paji la uso linanyonya mara 6 zaidi ya mkono wa mbele, na ngozi ya korodani mara 42. Pomadi iliyoandikwa kwa kiwiko ikihamia usoni au kwenye kinena cha mtoto imeshageuka dawa nyingine. Nepi na plastiki vinavyofunika ngozi vinaongeza zaidi. Kwa uso na kwa mtoto mchanga, baki kwenye haidrokotisoni, siku chache. Klobetasoli ni ya ngozi nene, viganja na nyayo, kwa wiki 2 basi.

Krimu au mafuta? Ngozi kavu iliyopasuka inataka mafuta mazito. Inayotoa maji inataka krimu. Kiasi: mstari unaofunika ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima, hadi kiungo cha kwanza, ni nusu gramu na unatosha eneo la viganja 2.

Usipake kwenye choa. Mwasho utatulia, wekundu utafifia, na fangasi itaendelea kutambaa chini kwa chini hadi hata daktari asiitambue. Upele nao utajificha vilevile. Tyubu zenye vitu vitatu ndani, yaani kotikosteroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki, zinauzwa Birere, mtaa wetu wa biashara, kama nyanya. Zinauzika kwa sababu zinamwondolea muuzaji kazi ya kuangalia ngozi.

Sasa kujichubua. Sitahubiri, wateja wangu ni watu wazima. Ila ujue ndani ya tyubu nyingi za "kung'arisha" mna klobetasoli. Ukipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa miaka, ngozi inakuwa nyembamba, inachanika mistari mapajani, chunusi zinajaa, sukari na tansio (presha ya damu) vinapanda kama vile unameza komprime. Kidonda cha upasuaji kinachelewa kufunga, na nyuzi zinashikilia ngozi kama karatasi yenye maji. Unayekwenda kujifungua kwa upasuaji, mwambie daktari unachopaka. Dada wa pili katika kundi hilo ni yule anayemeza deksa ili anenepe. Ananenepa kweli: uso, tumbo, na shingo kwa nyuma. Mapaja na mikono vinapoteza misuli.

Pale sindano inaposhinda

Mama mjamzito aliye katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati, kati ya wiki 24 na 34, anahitaji sindano na si kitu kingine. Deksa 6 mg ya msulini kila baada ya saa 12, mara 4, au betamethasoni 12 mg mara 2 kwa kupishana saa 24. Dawa inapita kondo la nyuma na kuyakomaza mapafu ya mtoto. Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand ndio walioonyesha jambo hili kwa akina mama mwaka wa 1972, baada ya Liggins kulianza kwa kondoo. Prednisoloni ya kumeza haitoshi hapa, kwa sababu kondo linaivunja sehemu kubwa kabla haijamfikia mtoto. Kwa mama mwenye pumu hiyo ni sifa nzuri: anaweza kuimeza na mtoto anaguswa kidogo. Lakini sindano za kukomaza mapafu zitolewe pale tu umri wa mimba umehakikishwa, mama hana maambukizi, na kuna watu na vifaa vya kumpokea mtoto njiti.

Mshipani, haidrokotisoni 100 mg inaokoa mtu ambaye tezi zake zimezima: amelegea, presha imeshuka, anatapika. Deksa ina nafasi kwenye uti wa mgongo wa bakteria na wa kifua kikuu, chini ya daktari. Kwenye malaria ya kichwani haina. Utafiti wa Thailand uliochapishwa 1982 uligundua kwamba waliopona baada ya kupewa deksa walikaa kwenye koma muda mrefu zaidi. Familia ikikuuliza kwa nini mgonjwa wao "hajawekewa deksa kwenye serumu", hilo ndilo jibu. Na aliyevimba koo baada ya nyuki au penisilini anahitaji adrenalini ya pajani kwanza. Deksa kwa saa ile ya kwanza haimwokoi.

Mwaka wa 2020 deksa ilipewa sifa kwenye COVID-19, na watu wakajaza makabati. Kipimo kilikuwa 6 mg kwa siku, ya kumeza au ya mshipani, hadi siku 10. Ilipunguza vifo vya waliokuwa kwenye oksijeni na kwenye mashine. Kwa waliopumua bila kuhitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote.

Pua na jicho, kwa ufupi: dawa ya kupuliza puani ni nzuri kwa mafua ya mzio, elekeza ncha kwa nje, mbali na ukuta wa katikati, usije ukatoka damu. Matone ya jicho yenye deksa usiyanunue mwenyewe kwa sababu jicho ni jekundu. Kama ni kirusi cha malengelenge kwenye kioo cha jicho, yanaweza kulipofua, na yakitumiwa muda mrefu yanapandisha presha ya jicho.

Kabla ya kumeza, na kabla ya kuacha

Sema kama unakohoa zaidi ya wiki 2, kwa kuwa kotikosteroidi inaamsha kifua kikuu kilicholala. Sema kama una kisukari, tansio au vidonda vya tumbo. Kwa wanaokanyaga udongo peku kuna mnyoo uitwao strongiloide, unaoweza kukaa miaka tumboni bila kelele. Ukipewa kipimo kikubwa cha deksa, mnyoo huo unaenea mwilini na unaweza kukuua. Ivermektini kabla ya tiba ndefu ni jambo la kumuuliza daktari.

Meza asubuhi, baada ya kula, wakati kotisoli yako mwenyewe iko juu. Chini ya wiki 2 unaacha tu siku ilipoandikwa. Ukishapita wiki 3, tezi zako zimelala, na kuacha ghafla kunakuangusha: udhaifu, kutapika, presha chini. Zikibaki za siku 5, njoo tupange na daktari kupunguza, hata kama pesa ndiyo imeisha. Hasa kama pesa ndiyo imeisha.

Yule mama alipita tena leo asubuhi, mtoto akiwa chini anatembea mwenyewe. Hakusema lolote kuhusu sindano. Alitoa chupa ya Fanta kwenye kapu akaiweka mezani. "Muganga, na hii inafaa?" Ilikuwa ya 500 ml. Nilimwambia akaioshe kwanza.